Pugu kwa Njia ya Kibaha: Monasteri ya Mwaka Mmoja na Mapango Yasiyo na Makaburi

Monasteri ya kwanza ya Wabenedikto katika nchi ambayo leo ni Tanzania ilianzishwa Pugu mapema mwaka 1888, juu ya vilima vinavyoinuka nyuma ya Dar es Salaam. Januari 13, 1889 ilivamiwa na kuteketezwa. Kwa hiyo anayepanga kuizuru asitarajie mnara wa kengele wala nguzo za mawe kama za abasia za Ulaya. Atakuta makaburi na kituo cha hija. Umbali mfupi kutoka hapo, upande wa Kisarawe, yapo mapango marefu yaliyochimbwa na watu, na mgeni aliyewahi kusoma habari za katakombu za Roma huwa mwepesi kuyaita hivyo. Si katakombu, maana hakuna aliyezikwa humo.

Barabara fupi ya kufika huko ni ya kutoka mjini kupitia Gongo la Mboto. Wengi huifuata hiyo, hupiga picha na kurudi kabla ya jua kutua. Njia yenye faida zaidi ni ya kuzunguka kwa bara: kuanzia Kibaha, kushuka Soga, kupita Mzenga na Maneromango, kisha kuikaribia Pugu kwa mgongo. Anayekuja hivyo hupitia kwanza kwa watu ambao wamisionari walitaka kuwafikia, kabla ya kufika mahali walipoanguka.

Kibaha

Kibaha ni makao makuu ya Mkoa wa Pwani, kilomita 40 hivi kutoka Dar es Salaam kwa Barabara ya Morogoro. Mji umejipanga kandokando ya lami, na vituo vyake vina majina ya makondakta zaidi kuliko ya ramani: Maili Moja, Picha ya Ndege, Kwa Mathias, Mkuza, Kwa Mfipa. Mpita njia huona meza za mihogo ya kuchoma na mafungu ya machungwa, na akiwa ndani ya basi huona mikono tu inayopandisha korosho dirishani.

Jambo la Kibaha linalostahili kusimama ni Tumbi. Mwaka 1963 serikali ya Tanganyika na nchi za Denmark, Finland, Norway na Sweden zilitia saini makubaliano ya kujenga hapo mahali pamoja pa shule, tiba na mafunzo ya kilimo. Mradi ulikabidhiwa kwa Tanzania Januari 1970, na ndio Shirika la Elimu Kibaha la leo. Majengo yake ni ya chini, yenye veranda ndefu na miti mikubwa katikati. Kwa msafiri wa kwenda Pugu yana somo la kando: shule, zahanati na shamba ndivyo vitu vilevile vitatu ambavyo misioni nyingi za karne ya 19 zilianza navyo, isipokuwa hapa kanisa halikuwa sehemu ya mpango.

Soga

Kutoka barabara kuu kuelekea kusini ardhi inashuka polepole, lami inaisha, na udongo unageuka kutoka mwekundu kuwa kijivu chenye mchanga. Soga ni kijiji cha reli. Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Morogoro mwaka 1907, na tangu hapo maisha ya Soga yamefuata ratiba ya treni. Sasa zipo reli mbili. Ile ya kisasa, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwaka 2024, ina stesheni Pugu, Soga na Ruvu. Treni ya umeme hupita kwa sauti ndogo kiasi kwamba mbuzi waliolala kando ya uzio hawainui hata vichwa.

Upande wa magharibi liko bonde la Ruvu, mto unaoinywesha Dar es Salaam. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, njia za udongo za huku huteleza na nyingine hukatika. Miezi ya Juni hadi Septemba ndiyo ya kusafiri: nyasi zimekauka, mikorosho inaanza kuchanua, na asubuhi kuna ubaridi kidogo ambao watu wa Pwani huuita baridi kali.

Mzenga na Maneromango

Mzenga inapitiwa na reli nyingine, ya TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa China kati ya mwaka 1970 na 1975. Baada ya hapo kuna mashamba ya mihogo, minazi ya hapa na pale na miembe mikubwa inayoonyesha palipokuwa na kijiji zamani, hata kama nyumba zimeshahama. Hii ni nchi ya Wazaramo. Wengi wao ni Waislamu, lakini ukoo kwa asili hufuata upande wa mama, na mila za unyago hazikufutwa na msikiti wala na kanisa.

Alama ya mila hizo inayojulikana zaidi ni mwana hiti: kinyago kidogo cha mti, mwili wake mviringo usio na mikono wala miguu, kichwa kikiwa na kishungi kilichogawanyika mara mbili. Mwali aliyewekwa ndani baada ya kuvunja ungo alipewa mwana hiti amtunze kama mtoto: amwogeshe, ampake mafuta, amsuke. Umbo hilohilo lilichongwa kwenye fimbo za wakubwa na kwenye nguzo zilizosimamishwa makaburini. Nguzo hizo ni nadra kuonekana mahali pake siku hizi. Nyingi zilichukuliwa na wakusanyaji, na vinyago vya mwana hiti vimo katika makumbusho ya Dar es Salaam na ya Ulaya. Mgeni akibahatika kuonyeshwa kaburi la namna hiyo, adabu ni kuomba ruhusa kwa wenye kaburi kabla ya kutoa simu ya kupigia picha.

Chakula cha huku ni bada, yaani ugali wa unga wa muhogo, unaoteleza kooni kuliko ule wa mahindi, pamoja na kisamvu kilichotwangwa kinuni na kuungwa kwa tui la nazi. Kisamvu kizuri hukaa jikoni muda mrefu. Anayekipika haraka hujulikana kwa ladha ya majani mabichi. Msimu wa fenesi ukifika, harufu yake humtangulia muuzaji. Mama anayelipasua hupaka kwanza kisu na viganja vyake mafuta ya kupikia ili utomvu usigande, hulipasua kwa urefu, hukata moyo mweupe wa katikati, kisha huchomoa kokwa moja moja na kuzipanga kwenye sinia. Mteja asiyejipaka mafuta hurudi nyumbani na vidole vilivyoshikamana, na huchekwa.

Maneromango yenyewe ni kituo cha kale cha Kilutheri. Chama cha wamisionari wa Kiinjili wa Berlin kilichoundwa kwa ajili ya Afrika Mashariki ya Kijerumani kilifika Dar es Salaam mwaka 1887, mwaka mmoja tu kabla ya Wabenedikto kupanda Pugu, na mmoja wa wamisionari wake wa kwanza alikuwa Johann Jakob Greiner. Kilifungua kituo Kisarawe mwaka 1892 na Maneromango mwaka 1895. Mwaka 1903 vituo hivyo vilichukuliwa na shirika jingine, Misioni ya Berlin, na leo ni sharika za KKKT. Anayeshangaa kwa nini kijiji cha ndani hivi kina usharika wenye umri mkubwa kuliko mikoa mingi ya nchi hana budi kukumbuka kwamba wakati ule hakukuwa na pembezoni. Misafara ya wapagazi ilikuwa inapita huku kutoka bara kwenda pwani, na mmisionari alifuata njia ya miguu iliyokuwepo.

Kisarawe

Kutoka Maneromango barabara inapanda kuelekea kaskazini-mashariki. Mji wa Kisarawe umekaa juu ya vilima, na jioni upepo wa bahari huufikia ingawa bahari yenyewe haionekani. Ni mji mdogo wenye ofisi za wilaya, soko, misikiti, na kanisa la Kilutheri lililorithi kituo cha 1892. Kituo kile kilianza kwa sehemu kama makazi ya watu waliokombolewa utumwani. Jambo hilo lina uzito katika habari za Pugu, kwa sababu Wabenedikto nao walipokea watu wa namna hiyo.

Kando ya mji iko Minaki, palipokuwa na Chuo cha Mtakatifu Andrea cha Waanglikana wa UMCA, ambacho kilitoa walimu na waganga wengi wakati wa ukoloni. Sasa ni shule ya sekondari ya serikali. Kwa hiyo ndani ya duara dogo la vilima hivi, Walutheri, Waanglikana na Wakatoliki wote walijenga. Sababu si fumbo. Vilima vya Pugu vinafikia urefu wa takriban mita 300 juu ya usawa wa bahari, na Wazungu wa karne ile waliamini kwamba homa ilitokana na hewa nzito ya mabonde. Waliona wakipanda watapona. Mbu hawakuwa wamesoma vitabu hivyo, na homa iliwafuata hukohuko juu.

Msitu na mapango

Msitu wa Pugu na ule jirani wa Kazimzumbwi kwa pamoja ni Hifadhi ya Mazingira Asilia, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Ni mabaki ya msitu wa pwani ambao zamani ulitanda ukanda huu. Mkaa wa Dar es Salaam umeula kwa miaka mingi, na pembeni bado zinaonekana tanuri za zamani, duara jeusi kwenye udongo ambapo nyasi hazioti vizuri. Ndani zaidi hali ni tofauti: mitoria na mibungo inapanda juu ya miti, majani yamefunika njia, na kelele za malori ya barabarani zinakatika ghafla. Ruhusa na mwongozaji hupatikana kwa watu wa hifadhi, na ni vyema kuwa naye, maana vijia vya wakata kuni vinafanana vyote.

Mapango yalitokana na uchimbaji wa kaolini, udongo mweupe laini unaotumika kutengeneza vyombo vya kauri, karatasi na rangi. Vilima vya Pugu ni vya mawe ya mchanga yaliyojaa kaolini, na hazina hiyo ilijulikana tangu wakati wa Wajerumani. Katika karne ya 20 wachimbaji walitoboa mahandaki marefu ubavuni mwa kilima wakifuata udongo, na yalipoachwa, popo wakahamia. Alama za vyuma vya kuchimbia zimebaki ukutani, mistari iliyopinda yote upande mmoja kadiri mkono wa mchimbaji ulivyorudi. Anayegusa ukuta hutoka na ncha za vidole nyeupe kama mwalimu aliyetoka kuandika ubaoni.

Kulinganisha na Roma kunasaidia hapa, ingawa kwa kutofautisha. Katakombu kama zile za Mtakatifu Kalisto, karibu na Via Appia, zilichimbwa kuanzia karne ya 2 na ya 3 katika mwamba laini wa volkano ambao hukakamaa ukipata hewa. Ukutani zilikatwa nafasi za kulaza maiti, safu juu ya safu, na katika katakombu hiyo moja njia za chini ya ardhi zinakaribia kilomita 20. Wakristo hawakuishi humo wakijificha, kama filamu zinavyopenda kuonyesha. Walizika na kufanya ibada za kuwakumbuka marehemu. Kisarawe hakuna nafasi zilizokatwa ukutani. Mchimbaji alitafuta mali, akaipata, akaondoka. Kinachofanana ni ulaini wa mwamba tu, uliomwezesha mtu kuingia ndani ya kilima kwa chuma cha mkononi.

Wenyeji wa sasa ni popo wa aina kadhaa. Baadhi hula wadudu, na wengine, wakubwa zaidi, hula matunda. Sakafu ni tabaka nene la mavi yao, linalobonyea chini ya kiatu na kujaa mende. Hapa na pale, mbegu walizodondosha popo zimechipua gizani, miche mirefu, myembamba, myeupe kabisa, ambayo haitapata jua na hufa ikiisha akiba ya mbegu. Jua likikaribia kutua popo huanza kuzunguka karibu na mlango, kisha hutoka kwa mkondo mzito unaochukua muda mrefu kwisha, huku ndege mbuai wakiunyemelea juu ya miti. Kwa wageni wengi hilo ndilo tukio la safari nzima, na si lazima mtu aingie ndani ili alione.

Kwa kweli ni bora asiingie. Popo wa matunda wa Misri, aina inayopatikana katika mapango ya Afrika Mashariki na hapa pia, ndiye anayejulikana kubeba virusi vya Marburg bila yeye mwenyewe kuugua. Mwaka 2008 mtalii kutoka Uholanzi alifariki kwa ugonjwa huo baada ya kuingia pango la popo katika msitu wa Maramagambo, Uganda, na Tanzania imepata milipuko mkoani Kagera mwaka 2023 na mwaka 2025. Mgeni ambaye hata hivyo ameamua kuingia na avae viatu vilivyofunika mguu, barakoa, glavu na nguo za mikono mirefu, asiguse uso, asile kitu humo, na tunda lililoumwa na popo aliache lilipo. Watoto wabaki nje.

Pugu

Kutoka Kisarawe hadi Pugu ni mteremko mfupi, na katikati yake mtu huvuka mpaka wa mkoa: mapango yako Pwani, makaburi ya watawa yako Dar es Salaam. Mwaka 1888 mpaka huo haukuwepo. Kundi la kwanza la watawa lilitumwa na nyumba ya St. Ottilien, Bavaria, ambayo mwanzilishi wake alikuwa Andreas Amrhein. Alitaka jambo lililoonekana la ajabu kwa watawa wa wakati wake: Wabenedikto, waliozoea kukaa mahali pamoja maisha yote, waende misioni. Padri Bonifaz Fleschutz aliongoza msafara wa mabruda na masista, wakafika Dar es Salaam Januari 1888, na muda si mrefu wakaanza kufyeka Pugu.

Walifika wakati mbaya. Agosti 1888 Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilichukua usimamizi wa pwani kwa mkataba na Sultani wa Zanzibar, na watumishi wake walianza kwa jeuri: bendera mpya, kodi mpya, amri kwa watu ambao hawakuulizwa. Pwani ikalipuka kuanzia Pangani. Abushiri bin Salim akawa jina kubwa la upinzani, ingawa kila mji ulikuwa na viongozi wake na hasira zake. Wabenedikto hawakuwa kampuni, lakini walikuwa Wajerumani, walifika chini ya ulinzi wa Wajerumani, na walikuwa wamepokea watu waliotolewa mikononi mwa wafanyabiashara ya utumwa. Kwa mwenye biashara hiyo, misioni ile ilikuwa ghala la mali yake iliyoporwa. Ni kosa kuisimulia Pugu kama mauaji yasiyo na sababu, kama vile ni kosa kuwafanya waliouawa kuwa maajenti wa kampuni.

Januari 1889 Dar es Salaam ilishambuliwa, na tarehe 13 zamu ikawa ya Pugu. Waliouawa ni Bruda Petrus Michl, Bruda Benedikt Kantwerk na Sista Martha Wansing. Wengine walichukuliwa mateka, wakakombolewa baadaye mwaka huo kwa fedha. Majengo yalichomwa. Padri Fleschutz naye alikufa kwa homa kabla ya mwezi kwisha, hivyo misioni ikabaki bila nyumba na bila mkuu. Abushiri alikamatwa na kunyongwa Pangani Desemba 1889.

Leo mahali hapo ni Kituo cha Hija cha Jimbo Kuu la Dar es Salaam. Asiye mhujaji hupokelewa, ilimradi avae kwa heshima na asipite katikati ya ibada. Siku za kawaida ni tulivu. Siku za hija uwanja hujaa kanga, vitenge, kwaya na sufuria za pilau. Anayetaka kusoma mandhari kwa makini asimame akitazama mashariki. Kutoka hapo inaeleweka kwa nini walipachagua, na pia kwa nini hawakuweza kupalinda: ni mbali mno na bandari kwa msaada kuwahi, na karibu mno na njia ya misafara kwa kusahauliwa.

Hatua chache kutoka hapo kuna habari nyingine ambayo Watanzania wengi wanaijua kuliko ile ya 1889. Shule ya Sekondari Pugu, zamani Mtakatifu Fransisko, ndiko Julius Nyerere alikofundisha baada ya kurudi kutoka Edinburgh mwaka 1952, na ndiko alikoachia kazi mwaka 1955 ili akiongoze chama cha TANU kwa muda wote. Benjamin Mkapa alisoma hapo. Baada ya vita vya kwanza vya dunia Wabenedikto Wajerumani waliondolewa, Wakapuchini wa Uswisi wakalichukua eneo la Dar es Salaam, na shule hii iliendeshwa na mapadri wa Roho Mtakatifu. Kwa hiyo mashirika yamepishana hapa kuliko kawaida. Upande wa pili wa barabara ni mnada wa ng'ombe wa Pugu, na nyama choma yake huliwa kwa kachumbari na ndizi za kukaanga na watu ambao wengi wao hawana habari kwamba wako jirani na monasteri.

Wabenedikto wenyewe hawakujenga tena monasteri yao kuu Pugu. Walijikusanya Dar es Salaam, ambako Kanisa la Mtakatifu Yosefu lilijengwa kati ya mwaka 1897 na 1902, kisha wakaelekea kusini: Peramiho mwaka 1898, Ndanda mwaka 1906. Huko nako walipata pigo, pale Askofu Cassian Spiss na wenzake walipouawa karibu na Liwale wakati wa vita vya Maji Maji, Agosti 1905. Peramiho na Ndanda zilipandishwa kuwa abasia mwaka 1931. Msafiri anayetaka kanisa la abasia lililo zima, lenye minara na kengele na masifu ya watawa asubuhi na jioni, ataenda Peramiho, karibu na Songea, safari ya siku nzima kwa basi.